Ile kanzidata iliyokubali kila kitu ikiwa tupu

Mwenzenu nimekuwa kimya tangu tulipoondoka kwenda field, na kuna walioniandikia kuuliza kama nimedisko. Hapana jamani, sijadisko. Nipo chumbani hapa hosteli, ni Jumapili usiku, umeme upo, chai ipo, na nina kitu kimenikaa rohoni kwa miezi kadhaa. Leo nakitoa. Ni kirefu kidogo na kina historia ndani yake, kwa hiyo tafuta pa kukaa.

Kwa wageni: mimi nasoma ualimu, Hisabati na Kompyuta. Kabla ya field, mwalimu anayeratibu mazoezi ya kufundisha alituita watu watatu ofisini kwake. Akasema, "Nyie vijana wa kompyuta, mnaweza kunitengenezea kitu cha kupanga wenzenu mashuleni? Kila mwaka tunapanga kwa karatasi na kila mwaka watu wanalia." Tukajibu ndiyo mwalimu hata hajamaliza sentensi. Si unajua tena ujana.

Tukaanza kukusanya masharti. Mratibu mwenyewe akatupa la kwanza: kila mwanafunzi shule moja, kila shule msimamizi mmoja, na kila msimamizi shule moja tu, ili mwalimu mkuu wa kule ajue wa kumpigia simu ni nani. Siku ya pili tukaenda kwa mhusika wa usafiri. Yeye akasema gari haliendi shule yenye wanafunzi wachache, mafuta ghali, kwa hiyo kila shule iwe na wanafunzi 6 au zaidi. Siku ya nne tukaongea na wahadhiri. Wao wakasema hakuna msimamizi atakayepewa zaidi ya wanafunzi 5, maana kila mmoja anatakiwa aonwe akifundisha mara kadhaa na aandikiwe maoni ya maana.

Kila sharti lilikuwa la haki. Tukayaandika yote kwenye kanzidata, nayo ikayapokea bila hata kukohoa. Tukafungua majedwali, yakafunguka. Tukachapisha ripoti tupu, ikatoka na nembo ya chuo juu, nzuri kweli. Tukapongezana na soda.

Alhamisi usiku, orodha inatakiwa ubaoni Ijumaa saa mbili asubuhi, ndo tukaanza kuingiza watu halisi. Shule ya kwanza tukaweka wanafunzi 5, tukabonyeza thibitisha. Ikakataa: hawajatimia 6. Tukaongeza wa sita. Ikakataa: msimamizi amezidi 5. Tukamtoa. Hawajatimia. Tukamrudisha. Amezidi. Nusu saa nzima tunalaumu programu, tunazima, tunawasha. Saa saba usiku mwenzetu wa Fizikia akachukua karatasi ya mtihani wa zamani, akaandika nyuma yake: sita au zaidi, tano au pungufu, mtu huyohuyo. Tukacheka sana. Halafu tukaacha kucheka.

Tulichofanya usiku ule nitawaambia mwishoni, maana sijivunii. Kwanza niwape nilichokuta maktaba niliporudi, kwa sababu nilitaka kujua kama ni sisi tu wajinga au yupo mwingine yalimkuta. Kumbe wapo, na historia yao imeanza kabla hata ya kompyuta.

Nianze na Mjerumani mmoja, Gottlob Frege. Huyu alitaka kuijenga hesabu yote juu ya kanuni chache za mantiki, zisizo na shaka. Kitabu chake cha kwanza cha kazi hiyo kilitoka 1893. Cha pili kikiwa kiwandani kinachapwa, akapata barua ya tarehe 16 Juni 1902 kutoka kwa Mwingereza Bertrand Russell. Barua fupi, ya heshima kabisa, ikimwonyesha kwamba kanuni zake zinagongana zenyewe kwa zenyewe. Frege hakubisha. Aliongeza maelezo mwishoni mwa kitabu kukiri pigo hilo, na kitabu kikatoka 1903. Hebu fikiria, miaka yote ile, halafu unagundua mkinzano wakati mashine ya kuchapa inazunguka. Sisi na Alhamisi yetu tulikuwa na ndugu mkubwa.

Fumbo la Russell huwa linaelezwa kwa mfano wa kinyozi. Kijijini kuna kinyozi ambaye huwanyoa wale wote wasiojinyoa wenyewe, na hao tu. Je, yeye anajinyoa? Akijinyoa, hatakiwi kujinyoa. Asipojinyoa, anatakiwa ajinyoe. Kwa hiyo kinyozi wa namna hiyo hawezi kuwepo. Sasa tazama kitu ambacho watu wengi hukipita: kijiji kisicho na kinyozi hakina tatizo lolote! Sharti lipo, limeandikwa, hakuna anayelivunja, kila mtu analala salama. Siku ukimwajiri kinyozi wa kwanza ndipo nyumba inaungua. Shikilia jambo hilo, tutalirudia.

Turuke sasa hadi kwenye kanzidata zenyewe. Miaka ya 1960 kompyuta zilianza kuhifadhi kumbukumbu kubwa za makampuni. Charles Bachman alitengeneza mfumo wake pale General Electric, na IBM wakatengeneza wa kwao ulioitwa IMS, ulioanzia kwenye kazi ya kusimamia vipuri vya mradi wa Apollo wa kwenda mwezini. Mifumo ilifanya kazi, lakini masharti mengi yalikaa ndani ya programu za watu. Programu hii inajua kwamba mfanyakazi lazima awe na idara, ile nyingine haijui. Masharti yakiwa yametawanyika hivyo, nani atayalinganisha? Ni kama sheria za nyumba ambazo baba anazijua zake, mama zake, na bibi zake, na mtoto anachapwa na wote watatu.

Mtu aliyebadilisha mambo ni Edgar F. Codd. Alizaliwa 1923 kule Portland, kusini mwa Uingereza, akarusha ndege za jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, akasoma hisabati, kisha akaenda Marekani kufanya kazi IBM. Mwaka 1969 aliandika ripoti ya ndani ya kampuni, na mwaka 1970 ikafuata makala yake maarufu iliyochapishwa katika jarida la Communications of the ACM. Wazo lake ukilisikia leo unaona ni la kawaida: data zote zikae kwenye majedwali, na jedwali ni kitu cha kihisabati, ni seti, unaweza kulifanyia mantiki. Mwaka 1981 alipewa Tuzo ya Turing. Alifariki 2003.

Kilichonishtua mimi ni kwamba kichwa cha ile ripoti ya 1969 kilikuwa tayari na neno la kutopingana ndani yake. Yaani toka siku ya kwanza Codd alikuwa analiwaza. Lakini tusome vizuri aliuliza nini. Aliweka mezani vitu vitatu: majedwali, masharti, na data zilizomo kwa wakati fulani. Akauliza, je, data hizi zinayatii masharti haya? Zikiyatii, hali ni safi. Zisipoyatii, kuna mkinzano. Hilo ni swali la mlinzi wa getini: wewe unayeingia, una kitambulisho? Swali letu la Alhamisi lilikuwa jingine: je, masharti ya getini yanamruhusu mtu yeyote hata mmoja apite? Mlinzi anaweza kufanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa, akamrudisha kila mtu, na asijue kwamba kosa liko kwenye karatasi aliyopewa.

Hata hivyo Codd ndiye aliyetufungulia mlango. Mwaka 1985 alitoa zile kanuni zake 12 za kupima kama mfumo kweli ni wa majedwali, na moja inasema masharti ya usahihi wa data yasikae ndani ya programu za watumiaji, yakae pamoja kwenye orodha kuu ya kanzidata yenyewe. Yakishakaa sehemu moja, angalau unaweza kuyasoma kwa pamoja na kuyauliza: nyie mnaelewana?

Sasa wewe utauliza, kwani masharti yote yanaweza kugombana? Hapana, na hii nimeipenda. Mwaka 1974 William Armstrong alitoa kanuni za kuchambua aina moja ya masharti, yale yanayosema ukijua hiki basi umejua na kile. Mfano, ukijua namba ya usajili umejua jina. Masharti ya aina hiyo peke yake hayagombani hata siku moja, hata uyaandike 1,000. Kwa nini? Kwa sababu yanalinganisha mistari miwili, yanasema ikifanana hapa ifanane na pale. Weka mstari mmoja tu kwenye jedwali, hauna wa kugombana naye, na yote yanatimia. Ugomvi huanza ukichanganya masharti yanayosema "lazima awepo" na yanayosema "asizidi" au "asiwe". Moja linavuta, jingine linasukuma. Letu la usafiri lilikuwa linavuta, la wahadhiri linasukuma, na la mratibu ndilo lililowafunga kamba moja.

Basi nikadhani jibu ni rahisi: tuandike programu inayosoma masharti yoyote na kusema yanagongana au hayagongani. Hapo ndipo nikakutana na ukuta. Mwaka 1936 Alonzo Church kule Marekani na Alan Turing kule Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walithibitisha kwamba hakuna njia ya kimashine inayoweza kujibu kila swali la mantiki la aina hii. Lakini hapo kuna mwanya mdogo: mantiki yao iliruhusu dunia zisizo na mwisho, na kanzidata ina mwisho, diski ikijaa imejaa. Labda kwenye dunia zenye mwisho mambo ni mepesi? Mwaka 1950 mwanahisabati wa Umoja wa Kisovieti, Boris Trakhtenbrot, akaufunga mwanya huo. Hata ukitaka dunia zenye mwisho tu, hakuna programu moja itakayoweza kujibu kwa masharti yoyote yale kama kuna hali inayoyatimiza. Wala siyo kwamba kompyuta za wakati ule zilikuwa dhaifu. Hata laptopu ya mwaka 3000 haitaweza.

Nikupe mfano uone kwa nini mwisho na kutokuwa na mwisho ni mambo mawili. Sema: yupo angalau mwalimu mmoja. Kila mwalimu ana mkubwa wake ambaye naye ni mwalimu. Na hakuna anayeweza kuwa mkubwa wake mwenyewe, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Mwalimu wa kwanza anataka wa pili, wa pili anataka wa tatu, na kurudi nyuma hairuhusiwi. Utaandika walimu mpaka uzeeke. Ukitafuta mkinzano kwa mantiki ya kawaida huuoni, maana kwenye dunia isiyo na mwisho masharti haya yanatimia vizuri tu. Kwenye shule halisi hayatimii. Dawa yake kila ofisi inaijua: mkuu kabisa nafasi yake ya mkubwa unaiacha wazi. Lakini lazima mtu akae chini aamue hivyo.

Basi watu wakakata tamaa? Hapana. Mtu ukiambiwa mlima wote haupandiki, unatafuta upande unaopandika. Miaka ya 1980 walipanda kwa pande mbili.

Upande wa kwanza ulitokea München, Ujerumani, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na makampuni matatu ya kompyuta ya Ulaya mwaka 1984. Hapo François Bry na Rainer Manthey waliandika makala ya 1986 kuhusu jambo letu hilihili, kukagua kama masharti ya kanzidata yanapatana. Hoja yao ilikuwa ya akili sana. Kama masharti yanagongana kimantiki, ukitafuta uthibitisho kwa subira utaupata. Kama yanatimia kwenye dunia yenye mwisho, ukijaribu dunia ya kitu kimoja, viwili, vitatu, utafika. Basi fanya yote mawili kwa pamoja! Kinachobaki bila jibu ni yale ya katikati tu, kama ya walimu wangu wasio na mwisho. Miaka miwili baadaye, 1988, wakatoa programu yao fupi ya lugha ya Prolog inayojaribu kujenga mfano mmoja unaotimiza masharti yote. Wakaiita SATCHMO, jina linalofanana na la utani la mpiga tarumbeta Louis Armstrong. Kwa hiyo fani hii ina Armstrong wawili, mmoja wa kanuni na mmoja wa tarumbeta.

Upande wa pili ulipandwa na Waitaliano, na huu ndio ulionichoma moyo. Mwaka 1976 Peter Chen alikuwa ametuletea ile michoro ya mistatili na almasi ambayo kila anayesoma kanzidata ameichora mtihanini: huku kitu, huku kitu, katikati uhusiano. Pembeni ya mistari unaandika hesabu, huyu mmoja kwa wengi, huyu angalau mmoja. Mwaka 1987 Maurizio Lenzerini na Paolo Nobili walionyesha kwamba masharti ya hesabu kwenye michoro hiyo, ukiyatenga na mengine, yanaweza kukaguliwa kabisa, tena kwa hesabu za kubwa kuliko na ndogo kuliko. Kila kitu mpe herufi ya idadi yake. Kila sharti liandike kama hesabu. Halafu uliza kama kuna jibu ambalo idadi hizo siyo sifuri.

Hebu tuijaribu kwa yetu. Idadi ya shule iwe S, wasimamizi M, wanafunzi W. Usafiri: W haipungui mara 6 ya S. Wahadhiri: W haizidi mara 5 ya M. Mratibu: M ni sawa na S. Unganisha: mara 6 ya S haizidi mara 5 ya S. S gani hiyo? Ni sifuri tu! Na S ikiwa sifuri, W nayo sifuri. Kanzidata yetu ilikuwa na hali moja tu halali duniani: isiwe na shule, isiwe na wanafunzi, isiwe na mtu. Ndiyo maana ile ripoti tupu ilitoka vizuri. Ni kijiji kisicho na kinyozi.

Jamani, hesabu hii ni ya sekondari. Wale wa Kidato cha Nne wenye maswali ya muuza matunda anayetaka machungwa yasipungue kiasi hiki na maembe yasizidi kile, wanaifanya kila siku. Mimi nasomea kuwafundisha hao. Mistari mitatu, dakika mbili, na ingetuokoa. Makala ilikuwepo kabla sijazaliwa.

Mtu atasema, basi kwa nini kanzidata zenyewe hazikuonyi? Nilijaribu mwenyewe kwenye laptopu. Nikatengeneza jedwali PostgreSQL, nikaweka sharti kwamba umri uzidi 30, na jingine kwamba umri uwe chini ya 18. Ikakubali! Jedwali limetengenezwa, hongera. Ukiingiza mtu wa miaka 20 inamkataa, wa 40 inamkataa, wa 10 inamkataa. Halafu kuna kichekesho kingine: ukiacha nafasi ya umri wazi, mtu anapita. Kwa utaratibu wa SQL, sharti ambalo jibu lake halijulikani halihesabiwi kuwa limevunjwa. Kwa hiyo jedwali lenye mkinzano mtupu linaweza kujaa watu wasio na umri, na wewe ukadhani linafanya kazi.

Historia ya lugha yenyewe inaeleza kidogo. SQL ilifanywa rasmi na Wamarekani mwaka 1986. Toleo la 1992 likaruhusu sharti linalogusa majedwali mengi kwa wakati mmoja, na likaruhusu pia ukaguzi ucheleweshwe hadi mwisho wa muamala. Karatasini vizuri. Lakini kwa miongo mingi watengenezaji wakubwa waliliacha lile la majedwali mengi, kwa sababu kulikagua kila data inapobadilika ni ghali. Na MySQL, ambayo ndiyo wengi wetu tulijifunzia, kwa miaka mingi ilikuwa inasoma masharti ya CHECK, inayapokea, halafu inayapuuza. Hadi toleo la 8.0.16 la mwaka 2019 ndipo ikaanza kuyatekeleza. Yaani mtu anaandika sharti, anaona limekubaliwa, analala usingizi, kumbe hakuna mlinzi getini kabisa.

Kuna njia ya tatu iliyokuja baadaye, nitaipitia haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Daniel Jackson wa MIT na wenzake walitengeneza chombo kinachoitwa Alloy. Unaandika masharti yako, unakiambia nitafutie mfano usiozidi vitu vichache hivi vya kila aina, nacho kinajaribu michanganyiko yote ndani ya mpaka huo. Hakidai kumshinda Trakhtenbrot. Kinasema tu kwamba makosa mengi ya usanifu hujionyesha hata kwenye mifano midogo, basi tuanze na midogo. Kikikosa mfano hata mmoja, wewe rudi kwenye karatasi yako. Chombo hicho ni bure, na muhula huu nimeanza kukichezea.

Sasa nirudi kwenye ule usiku, kama nilivyoahidi.

Saa nane usiku tulikuwa na masharti matatu na tulitakiwa tuue moja. Hatukumpigia mtu simu. Tuliogopa. Tulishajisifu sana kwa mratibu, tukaona aibu kumwamsha kumwambia kwamba mfumo wetu haupokei hata mtu mmoja. Tukalitoa sharti la wahadhiri, lile la wanafunzi 5, kwa sababu lilikuwa mstari mmoja tu wa kufuta. Orodha ikatoka saa mbili kasorobo. Watu wakashangilia, wengine wakapiga picha ubao. Mratibu akatupa mkono.

Baadhi ya wasimamizi wakajikuta na wanafunzi 7, wengine 8. Kuna dada mmoja wa darasa letu, sitamtaja, alionwa akifundisha mara moja tu field nzima. Na siku hiyo moja alikuwa ametoka kuugua malaria, sauti haitoki, darasa limemshinda. Alama zake zikatoka kwenye kipindi kile kimoja. Aliporudi aliniambia, "Kaka, wangekuja hata mara mbili tu." Hakujua kwamba anaongea na mtu aliyefuta ule mstari. Nilinyamaza. Nimekuja kumwambia wiki iliyopita tu. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mlifuta kwa sababu gani?" na mimi sikuwa na sababu zaidi ya kwamba ulikuwa rahisi kufuta.

Baada ya hapo nikaenda kwa mratibu nikamweleza yote. Nilitegemea kufokewa. Akakaa kimya, akavua miwani, akasema: "Mngenipigia hata saa nane usiku. Mimi ningelitoa la gari. Shule mbili za njia moja zinaweza kushiriki gari, hilo nalijua mimi." Halafu akaniambia niende nikale.

Hicho ndicho kitu ambacho vitabu vyote nilivyosoma haviwezi kunifanyia. SATCHMO ingeniambia masharti yanagongana. Hesabu za Lenzerini na Nobili zingeniambia S ni sifuri. Hakuna hata kimoja ambacho kingeniambia lipi life. Nyuma ya kila sharti kulikuwa na mtu: mmoja analinda mafuta, mmoja analinda simu za walimu wakuu, mmoja analinda yule dada asionwe mara moja tu. Masharti yalipogongana, ni hao waliogongana, na wao ndio walistahili kukaa meza moja waamue. Sisi kwa kuchelewa kukagua tuliwanyang'anya nafasi hiyo, tukaamua kwa niaba yao saa nane usiku tukiwa na njaa.

Sasa hivi tunautengeneza upya kwa ajili ya mwaka kesho, na mambo tumeyabadilisha. Kila sharti tunaliandika kwenye daftari moja, na pembeni yake cheo cha aliyelitoa na sababu aliyotupa. Kabla ya kutengeneza jedwali lolote tunajaza kwa kalamu mfano mmoja kamili: shule moja, msimamizi mmoja, wanafunzi wake, kila nafasi imejazwa, hakuna iliyoachwa wazi. Mfano ukishindikana kujazwa, hatugusi kompyuta, tunawatafuta wenye masharti. Wiki hii tumekwama tena, safari hii ni sharti la masomo mawili ya kufundishia na shule zisizo na mwalimu wa Kompyuta. Jana nilimpigia mratibu, saa tatu usiku. Alipokea simu mlio wa pili.

Haya, wasomaji wangu, kesho nina kipindi saa moja asubuhi na sijafua. Waliowahi kukutwa na masharti yasiyoelewana, iwe kwenye kanzidata, kwenye vikoba au kwenye kamati ya harusi, semeni mlitatua vipi na nani aliamua. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda na bundle likiwepo.